Mashati ya Arthur

Grimsby, Machi 1946

Kaka Wilf,

Mimi mzima, kuku wako wanataga, ila mama mkwe hanisemeshi. Anasema nimemuua mwanawe Arthur kwa kufua nguo siku aliyosafiri. Unajua watu wetu: mwanamke akifua siku hiyo, amemsuuza mumewe baharini.

Miaka yote ya vita ile meli ya uvuvi ya Arthur na wenzake, Ada Skelby, ilitegua mabomu ya Wajerumani baharini, na haikupoteza mtu. Vita vikaisha, jeshi likamrudishia tajiri Skelby meli yake, naye akaituma ivue kule ambako mabomu hayajaondolewa, kisa samaki wamejaa. Arthur alimwambia mbele yangu, "Bosi, kule bado." Akajibiwa, "Unaogopa? Basi shuka, wanaotaka kazi wamejaa gatini." Akaenda. Wavu ukavuta bomu, wakaisha wote.

Jana kanisani Skelby akanishika mkono: "Pole, Edith. Lakini na wewe, kufua siku ile!"

Leo hakuna meli inayotoka, kwa hiyo nimefua. Mashati ya Arthur nimeyaanika getini kwa Skelby, yanachuruzika maji. Atoke anionyeshe ni lipi lililomtuma mume wangu kule.

Dada yako,
Edith