Tuyau Ilikuwa Baridi

Saint-Josse, Bruxelles, tarehe 21 novembre 2009

Yaya wangu Mauwa, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe, mama na watoto wote wa pa kwetu Katuba. Natumaini goti ya mama imepunguza kumusumbua, na barua hii inawakuta wote wazima. Mimi niko, nguvu tu ndiyo zimebakia kidogo. Tonton Lucien anasafiri kesho, ndiye namupatia hii karatasi, juu ku simu ningekuchekesha mpaka unités ziishe na neno lenyewe lisitoke.

Usifikiri mudogo wako amepotea. Mu équipe yetu hakuna anayevuta câble ya internet mbio kama mimi. Shule iliniacha ku darasa ya quatrième, lakini mikono yangu ilipata diplôme. Hata hivi, yaya, nimechoka. Nyumba za hapa ni nyembamba na ndefu sawa twiga, ngazi kila pahali. Jua hatujaliona tangu juma mbili, na magoti yangu iko na miaka ya mama.

Bon. Najua umekasirikia bwana yako Guylain. Kila ukimupigia simu unamuambia kama ni muvivu, alilala ku kazi mpaka patron akamufukuza, na bila mukataba wa kazi dossier yako ya kumufuata huku imekwama. Uliniuliza na mimi. Nikakujibu kama mambo ya bwana na bibi haiko yangu, nikacheka hata. Sikiliza sasa vile ilikuwa.

Mu août, mwezi wa munane, tulikuwa ku nyumba ya dentiste mumoja, nyuma ya Gare du Nord. Câble ilipaswa kutoka ku cave, chumba cha chini ya nyumba, mpaka étage ya tatu ya juu, mahali anatengenezea watu meno. Siku ile Guylain, mukubwa wa équipe yetu, alienda ku commune, ofisi ya serikali ya mutaa, juu ya dossier yako wewe. Alikuwa ameniambia nimungoje. Nikishindwa kungoja, nitoboe njia ya pembeni, câble iachane na tuyau za chauffage, zile bomba za maji ya kupasha nyumba moto, hata upana wa mukono. Nikamuambia anaanza kuzeeka.

Akaenda. Nikaona tuyau mbili zinapanda toka cave mpaka juu, na tundu ziko tayari mu kila plafond, dari ya kila chumba. Kutoboa ya nini tena? Nikazigusa: baridi, sawa robinet ya maji ya pa kwetu asubuhi ya mwezi wa sita. Nikasema tuyau ni tuyau. Nikapitisha câble mu tundu zilezile, nikaifunga ku tuyau na colson, zile kamba ndogo za plastiki zenye meno, nikakaza nguvu kama mufuko wa makala ya kupikia ku kinga, nyuma ya baiskeli. Guylain aliporudia, nikamuambia nilitoboa muzuri. Akaniamini, akatia signature yake ku fiche, karatasi ya kazi.

Mwezi wa kumi baridi ikaingia, dentiste akawasha chauffage. Yaya, zile tuyau zinachoma sawa sufuria ya bukari, ugali ikiwa ku moto. Plastiki ya câble ikalainika, colson zikaikata mpaka nyuzi za ndani zikagusana. Ordinateur zote, kompyuta za dentiste, zikanyamaza, na wagonjwa wako mu salon ya kungojea, mashavu imevimba. Patron, Monsieur Florent, akatazama fiche, akakuta jina moja tu.

Guylain ndiye alienda kuitoa ile câble. Aliona colson zangu. Hakuna mwingine anayekaza vile. Kwa patron hakusema kitu juu yangu, akafukuzwa yeye. Mu tram aliniambia tu kama wewe ulimuachia mutoto mu mikono, hawezi kukurudishia muntu wa jina chafu. Na mimi nikanyamaza. Wiki tano, yaya. Wakati ulikuwa unamutukana ku simu, nilikuwa pembeni yake, nakula mukate.

Ni mimi niliharibu.

Jana nilienda kwa Monsieur Florent, nikamuambia yote. Hakupiga kelele. Akaomba niweke pince yangu ya kukatia câble na funguo ya camionnette, gari ya kazi, ku meza, akasema Guylain apite kumuona lundi, siku ya kwanza ya kazi. Kama atamurudisha ao hapana, hakusema. Guylain hajui bado. Namusikia mu jikoni anakaanga samaki. Nikimaliza kuandika, naenda kumuambia.

Barua hii ikifika, lundi itakuwa imepita. Hata ikienda namna gani, umupigie wewe wa kwanza, na usianze na ile neno muvivu.

Umusalimie mama, umupakae goti ile mafuta iko mu mufuko wa tonton Lucien. Watoto uwaambie nawakumbuka, mumoja mumoja.

Mudogo wako,
Nday

Mu barua zingine niliandika Ingénieur Nday. Ile neno ya kwanza, uifute.