Upepo wa Tairi Unakwenda Wapi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Tairi tena! Lile la nyuma, upande wa jikoni. Jana jioni nililijaza hadi likawa gumu kama jiwe, leo limelala. Si chini kabisa — nusu. Nusu hiyo ndiyo inaniudhi. Tairi likipasuka, limepasuka, mtu anajua la kufanya. Hili linavuja kwa adabu.

Na safari ya kumrudisha mama mkwe kwake Mitwaba ni Jumamosi! Alikuja Julai, mke wangu Régine alipojifungua Exaucée. Mtoto sasa anacheka, na bibi mwenyewe anasema kila siku anataka mashamba yake. Kumpandisha basi peke yake haiwezekani. Mama mkwe hatumwi kama kifurushi, mkwe anamfikisha hadi mlangoni. Mvua ikianza, barabara ile imekufa.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nimechoka. Tangu Julai nakula chumbani, maana kwa mila mimi na yeye hatuwezi kula tukionana. Nikitoka kuoga, nakohoa kwanza ili apishe. Leo nimemkuta anafagia, ameinama karibu na gari — mbio nikageuza uso, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nyumba yangu mwenyewe!

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Kwa Aristote, quado, mziba matairi wa pale kona. Alivua tairi, akalizamisha kwenye beseni la maji, tukainama wote wawili kutafuta mapovu. Hata moja! Akapaka valve sabuni. Kimya.

"Papa Sylvain, pneu iko muzima. Haina kitobo hata kimoja."

"Na upepo unaendaka wapi?"

"Mi pia niko nashangaa." Halafu, kwa sauti ndogo: "Kuko muntu munagombana naye?"

Nilicheka. Njiani nikaanza kuwahesabu majirani.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Limelala. Nimefika kazini, duka la dawa la mtaa wa Golf, nimechelewa, na pharmacien, bosi wangu, ameniuliza kama siku hizi nakuja kwa miguu. Sielewi kitu. Sielewi!

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Nimeona. Afadhali nisingeona.

Nilikuwa najaza upepo mwenyewe uani. Kifuniko cha valve — kile kidogo cheusi cha plastiki — kikaniponyoka. Nikakiokota, nikachungulia ndani nitoe mchanga. Kumbe kuna punje ya mtama, imekazwa mle ndani. Nikakifunga: fsss, sauti nyembamba, lazima uweke sikio. Nikakifungua: kimya. Punje inakandamiza kile kisindano cha valve. Aristote alizamisha tairi, na kifuniko kilikuwa pembeni juu ya kiti!

Mtama katika nyumba hii ni wa mtu mmoja tu. Alikuja nao kutoka Mitwaba kwa ajili ya uji wa mzazi, na ni yeye anayeuchagua.

Kwa hiyo ile Jumatatu hakuwa anafagia. Au alikuwa anafagia pia. Nimempita mara ngapi, kichwa pembeni, nikijisifu kuwa mkwe mwenye heshima?

Lakini kwa nini? Ananichukia? Anaogopa niendeshavyo? Nimetoa punje, nimejaza tairi tena.

Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Tairi gumu. Nilimchungulia mama mkwe kupitia pazia, Mungu anisamehe. Alisimama na ufagio, akalitazama gurudumu muda mrefu. Akaenda kukunja nguo zake.

Nimemuuliza Régine, kana kwamba napiga soga tu, kama alishawahi kusikia mchezo wa kitu ndani ya kifuniko cha valve. Akacheka hadi akashika tumbo. Ni mchezo wa marehemu baba yake! Alikuwa dereva wa lori. Alitia kijiwe mle, patron, tajiri wake, akaamini lori limeharibika, naye akapata kulala kwa mkewe siku moja zaidi.

Régine hakuuliza kwa nini nauliza.

Baba yule alizikwa mwaka jana. Nyumba ya Mitwaba haina mtu.

Nikajaribu. Nikasema labda mama angebaki hadi mvua ziishe. Régine akanikodolea macho.

"Mama njo anasema kila siku anataka kurudia. Utamukataza juu ya nini? Na wewe njo unakulaka mu chambre sawa mugonjwa!"

Ni kweli, ni yeye anayesema. Nikimwambia Régine nilichokiona, atamwambia mama yake, na mama yule atakufa kwa aibu. Nikimwomba mimi mwenyewe abaki — kwa mdomo upi? Na Jumatatu si ni mimi niliyemtaka aondoke? Sasa nataka nini? Kichwa kinaniuma. Namwonea huruma, na nimemkasirikia, yote pamoja.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Mizigo imefungwa. Tairi gumu, yote manne magumu. Mama mkwe amekaa kiti cha nyuma, nyuma yangu kabisa ili tusionane, amempakata Exaucée. Haongei nami, anaongea na mtoto, nami nisikie:

"Exaucée, ambia papa yako mi niko tayari. Pneu ilishapona. Asante kwake."

Asante! Nikashuka. Nikasema nimesahau kitu. Naandika haya nimesimama chumbani, karatasi juu ya kabati.

Régine anapiga honi. Anauliza natafuta nini.

Nimemjibu: funguo. Nimeulizwa tena, nimejibu tena, kwa sauti kubwa ili aliye nyuma asikie: funguo, sizioni, tutachelewa leo! Ninazo mkononi.

Honi imenyamaza. Kuna mtu ameshuka, anakuja, na hatua si za Régine. Anakohoa kwanza.