Jamvi la Bi Kazija

Jumatatu, 12 Oktoba 1959
Darasa la ubatizo limekwisha saa kumi. Nimechoka, chai imepoa. Nimewafundisha kina mama kwamba aliyebatizwa ameuacha utu wa kale nje ya mlango. Wote wakaitikia, ila Bi Nyota. Akasema basi jina lake nilifute. Ana miaka sabini na bado akimwona wifi yake damu inamchemka. Hataki kusema uongo mbele ya Mungu na watu wakimtazama.

Ubatizo ni Jumapili. Miaka miwili amekuja darasani kwa miguu, na goti lile bovu. Akiondoka sasa, harudi.

Jumanne, 13 Oktoba
Sikulala vizuri. Mimi nina miaka kumi na mmoja tangu nibatizwe. Je, ninao utu huo wa kale au sinao? Ajabu, sijawahi kutazama. Nimeamua kujichungulia mpaka Jumapili.

Leo sikumkosea mtu. Nikajiona mzuri sana. Sasa kule kujiona nako nikuweke wapi?

Jumatano, 14 Oktoba
Nimemtupia kuku wa watu kuni. Ni mzizi wa utu ule wa kale au mazoea tu? Nimemwuliza Padre. Akasema kwa neema dhambi imeondolewa kitini, haijaondolewa nyumbani. Nikaona ni jibu la mtu mwenye njaa, maana alikuwa akitazama sahani.

Alhamisi, 15 Oktoba
Mvua saa nane, ghafla. Nimeanua karafuu zangu zote. Jirani yangu Bi Kazija alikuwa mazikoni kule Jadida, karafuu zake zimeanikwa uani. Huku hakuna anayengoja kuombwa. Wingu likitanda unaanua zako, unakimbilia za mwenzio, hata kama hamsemezani.

Sikwenda. Mwezi uliopita alisema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba kisomo changu kimenifukuzia wachumba. Wakacheka. Leo nikasema moyoni, mwache. Sikusahau wala sikuchelewa. Nilisimama dirishani nikatazama jamvi lake linalowa, na nilifurahi.

Nimeandika "nilifurahi" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 16 Oktoba
Karafuu za Bi Kazija zimeanza kuota ukungu. Anazianika upya. Nikapita nikampa pole. Mimi! Akaitikia vizuri tu.

Nimejichungulia, nimepata nilichokitafuta. Najionea haya. Na bado nataka kujua: nilipokuwa dirishani, ile neema ilikuwa wapi? Ilitoka? Mbona basi usiku kucha kitu kilinichoma? Zamani, kabla ya maji, ningelala fofofo.

Nikimweleza Bi Nyota ataondoka, ataona hata mwalimu wake ni bure. Nisipomweleza atabaki nje kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Naogopa.

Jumamosi, 17 Oktoba
Nimeanza kwa Bi Kazija. Nikamwambia nilikuwapo, niliona, nikaacha makusudi. Aliendelea kugeuza karafuu.

"Nlijua," akasema. "Nlipita kwako, jamvi lako kavu. Mtu hawezi kuwapo kwa zake akakosekana kwa za mwenziwe."

Nikasema nitamlipa kwa zangu. Akakataa. Akasema Jumatatu anachuma shamba la chini, na Jumanne watu wa kuchambua hana, nije. Halafu akasema lile neno la kisimani halikuwa zuri.

Kisha kwa Bi Nyota. Nikamweleza yote, pamoja na kufurahi. Nikamwambia nilimfundisha vibaya. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Na wewe ulibatizwa kweli?"

Nikasema kweli.

"Kwa maji haya haya ya Padre?"

Nikasema haya haya.

Akasema, "Basi jina langu liache pale pale. Mie nliona naambiwa niwe malaika."

Jumapili, 18 Oktoba
Amebatizwa. Goti lilimsumbua, nikamshika mkono. Maji yalipomgusa akafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayeoshwa kichwa. Nililia. Padre alihubiri mno.

Jumanne, 20 Oktoba
Tangu asubuhi nimeketi barazani kwa Bi Kazija, nachambua. Karafuu huku, vikonyo kule. Kucha zimekuwa nyeusi. Alinipa muhogo na samaki.

Baraza lake liko njiani, watu wanapita. Karibu na adhuhuri nikajigundua: kila mtu anapopita nainua kichwa kidogo, anione. Aone mwalimu wa misheni anavyonyenyekea. Nikacheka peke yangu. Bi Kazija akataka kujua kisa.

Nikamwambia. Akavuta pakacha langu, akanisogezea upande wa ndani, nyuma ya mlango, nikaendelea kuchambua huko.