Taa za Gidabuday na Picha ya Mama Yako

Daudi, Mbulu,
Mkoa wa Manyara.
Julai 19, 2025.

Mpendwa mpwa wangu Sylvester,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote huko Mtwara. Je, kikohozi cha Kelvin kimepoa? Na mkeo Rogathe amemaliza masomo yake ya uuguzi, au bado? Sisi huku tunaendelea, isipokuwa baridi ya mwaka huu imeniingia magotini, na asubuhi nahitaji muda kabla ya kusimama wima. Mke wangu Restituta hajambo. Mama yako hajambo pia, ila macho, ambayo nitayaeleza mbele.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Mtu wa miaka arobaini na minne aandike sentensi nzima anapomwandikia mjomba wake. Hata hivyo nilielewa: unataka picha moja nzuri ya mama yako, ya kuweka ukutani, kwa kuwa zote zilizokuwa kwake Jorodom, kule Katesh, zilichukuliwa na maporomoko ya tope pamoja na nyumba. Ombi hilo ni la haki. Nimelishughulikia kwa wiki tatu, nimechoka, na picha bado sina. Naomba usome mpaka mwisho ujue kwa nini.

Kamera uliyoniachia ni nzima. Tatizo lilikuwa mwanga, kwa sababu sebule yetu ina dirisha moja dogo linalotazama zizi, na mama yako hawezi kukaa nje kwenye upepo wa Julai. Nikasikia kwamba Gidabuday, yule mpiga picha wa Katesh, amefunga studio yake, maana siku hizi watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Akaniuzia taa zake mbili zilizotumika, pamoja na stendi zake na mwavuli mweupe wa kuelekezea mwanga. Stendi moja ina mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwavuli una kiraka. Matumizi yake alinieleza kwa dakika tano hivi, akiwa ameshika mlango.

"Taa hazina ubishi, Mwalimu," aliniambia. "Ubishi uko kwenye nyuso za watu."

Nilianza kujifunza kwa jirani yetu Qamara, ambaye hakatai kiti popote. Alipoingia akaukuta mwavuli umefunguliwa karibu na kabati la vyombo, akatazama dari.

"Shikamoo, Mwalimu. Bati linavuja?"

Nikamwambia akae anyamaze. Taa nilikuwa nimeiweka juu kabisa, na kwenye picha macho yake yakawa mashimo mawili meusi. Nikaishusha hadi usawa wa magoti. Akatokea kama mtu anayepuliza moto wa jikoni, akaomba picha hiyo isimfikie mkewe. Kiti nacho kilikuwa kimeegemea ukuta, kwa hiyo kivuli kikasimama nyuma yake kama mtu wa pili. Ilinichukua siku nne kujua kwamba kiti kinasogezwa mbele hatua mbili, taa inakaa upande, juu kidogo ya macho, na mwanga unapigwa kwanza kwenye mwavuli ndipo urudi usoni ukiwa umepoa. Taa ya pili ilizima umeme wa nyumba nzima mara mbili, nikaiweka kando. Nilifundisha miaka thelathini na nane, na sikumbuki darasa lililonichosha hivyo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikamkalisha mama yako. Restituta alimvika kitenge kipya. Lakini habari za taa zilikuwa zimeenea, na majirani wakaja kuziona. Kila aliyeingia alimwamkia, kama ipasavyo, naye kila mara akaitikia. Nina picha kumi na moja za mama yako, na katika zote kumi na moja mdomo uko wazi katikati ya marahaba. Siwezi kuwakataza watu kumwamkia mtu mzima nyumbani kwangu. Nikafunga mlango.

Likabaki suala la kidevu, ambacho alikuwa amekiinamisha. Mpiga picha humwambia mtu ainue kidevu, ageuke kushoto, atulie. Mimi ni mdogo kwa mama yako kwa miaka sita, amenibeba mgongoni. Sikulelewa kumwamuru dada yangu. Nikasimama na kamera, nikisubiri kidevu kiinuke chenyewe.

"Onesphory," akasema, "hii si ndiyo picha ya mbele ya jeneza?"

Unajua picha za namna hii huku kwetu hutengenezwa lini: mtu amekwisha kufariki, uso wake unakatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, na mjukuu anaibeba mbele ya waombolezaji. Jambo hilo nilikuwa nimelifikiria, sitakudanganya. Naye aliujua ukweli kutokana na ukimya wangu.

"Basi nisubirini nife kwanza." Akainuka kwenye kiti.

Nilichoweza kufanya ni kukaa mimi pale, ili aone kwamba hiyo ni taa tu, na aliyekaa mbele yake bado yu hai.

Hapa sharti nieleze habari za macho. Mwezi Mei daktari alituambia kwamba ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata. Matone anayotiwa yanachelewesha tu. Tangu aje kwetu kutoka Katesh anatujua kwa sauti na kwa hatua zetu. Nyuso, ndani ya nyumba hii, kwake ni vivuli.

Mwanga ulikuwa usoni pangu, naye amesimama pembeni penye giza. Akasogea hadi nikasikia pumzi yake.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. "Na jino hili lilitoka lini?"

"Mwaka juzi, dada."

"Hukuniambia."

Akamwita Restituta akae, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaagiza mlango ufunguliwe na Qamara aingie.

"Qamara, sauti yako ni ya mtu mnene."

"Unene wote uliishia huko kwenye sauti, mama."

Alicheka. Alituangalia mmoja mmoja mpaka umeme ukakatika, ndipo akasema, "Mwambie Sylvester aje akae kwenye kiti hiki. Nikishamwona, atanipiga picha yeye mwenyewe, na kidevu nitakiinua."

Hayo ndiyo masharti yake. Nimembembeleza mara mbili tangu siku ile, habadiliki. Wewe ulikuja kwa siku mbili baada ya tope, ukarudi kazini, na hujakanyaga tena huku. Najua Mtwara ni mbali. Lakini daktari alisema jicho la kulia halitavuka mwaka. Kwa hiyo usiniandikie kwamba utakuja Krismasi. Omba likizo ya Agosti, uje na Kelvin, ambaye bibi yake anamjua kwa sauti ya simu tu.

Taa sijazikunja. Restituta anafagia akizizunguka, na analalamika kila siku.

Msalimie sana Rogathe, na watoto wote. Qamara na mkewe wanakusalimu, Restituta pia. Mama yako nilimwuliza kama ana salamu za kukutumia. Akasema atazitoa mwenyewe.

Mungu awafungulie njia mfike salama.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata anapokukaripia,

Onesphory