Barua ya Paulo Waliyoichoma Sirta

Mpwa wangu Dativa,

Huko Karthago wanakudanganya! Eti mjomba wako huku Sirta alitetemeka akawapa askari wa Kaisari, wanaochoma maandiko yetu, barua ya mtume Paulo. Mimi, nitetemeke? Walipekua kanisa wenyewe, wakaikuta, wakaichoma. Afande wao akacheka: "Haya mzee, sasa mtasoma nini?"

"Kijana, mimi kusoma nimejua lini? Keti usikilize!"

Nikaisema yote kwa kichwa, tangu salamu. Pumzi iliponiishia, akina mama wa kanisa wakaidaka, mpaka afande akatokwa machozi.

Ndiyo maana niko ndani. Kesho hakimu atauliza kama bado nina maandiko. Nitamwambia yamo kichwani. Akikate! Akina mama wanayo yao.

Miggini, anayeniandikia, ananikodolea macho. Basi, afande hakulia. Ulikuwa moshi tu.

Mjomba wako mkaidi,
Namfamo