Ufunguo wa Kiringye

Jumanne, usiku

Mwishowe mama amekubali kutibiwa mkono, lakini alinitesa! Masini ya sumaku, ile ya kusaidia mifupa ishikane, ilikuwa tayari, umeme uko, mama amelala vizuri, na kine, yule wa mazoezi anayemnyosha mkono, akamuomba atoe kila kitu cha chuma. Mama akatoa heleni. Fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni akalishika kwa mkono wake mzima.

Minye nilijua ndani iko nini: ufunguo wa nyumba yake ya Kiringye. Tangu aanguke shambani akavunjika mkono, nikamleta kwangu hapa Kasenga, ufunguo ule haujatoka kiunoni. Kila siku anasema anarudi kulima, na usiku ninakesha nikisikiliza mlango, asitoroke. Na mifupa imelegea vile, akianguka tena…

Kine hakumgombeza. "Mama, hii masini inasaidia tu. Dawa utaendelea kunywa, na mazoezi tutafanya polepole."

Nilipumua. Niliogopa atamuahidi muujiza, halafu mama aache vidonge.

Mama akamtazama sana. "Huyu hadanganyi," akasema. Akafungua fundo, akaniwekea ufunguo mkononi. "Usiupoteze, weye!"

Masini ilipozimwa nilimrudishia. Hakuupokea. Nilipomfunga kikwembe upya, hakutaka fundo.

"Bakia nao," akasema. "Nitakuomba siku huu mkono utashika jembe."

Sijui kama sumaku itafanya kitu kwa ile mifupa. Lakini leo sitakesha nikisikiliza mlango.