Uyoga wa Kwenye Ndoo

Sumbawanga,
9 Juni.

Mama Ling mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na mjukuu ameshaanza kutembea. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu siku unaondoka kurudi kwenu ulituomba tusikuandikie kwa lugha nyingine, usije ukakisahau. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, upepo unapiga kama unavyoujua, na mama yangu havui koti hata akiwa jikoni.

Mgahawa wako uko salama mikononi mwa Otilia, msaidizi wako wa tangu zamani. Siku hizi hata madereva wa malori ya Tunduma wanajua kupita. Kuku wa tangawizi ni yule yule. Wali wa kukaanga Baba anasema chumvi imepungua, lakini anaumaliza. Bado tunakaa meza ya dirishani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Jumapili hii tulikuwa na mgeni. Elisha, mdogo wangu uliyemfundisha kushika vijiti vya kulia, amepata mchumba. Anaitwa Lucia, anafundisha kule Mollo, binti mpole anayecheka huku amefunika mdomo. Elisha hakutaka kumleta nyumbani kwanza. Alisema mtu akitaka kutujua, atukute kwa Mama Ling.

Chakula kilipofika, Baba akaanza hadithi yake. Unaijua. Alimweleza Lucia habari za mwaka ule mji mzima ulipovumisha kwamba unapika vyura, watu wakaacha kuja, bwana afya akakagua mara mbili asikute kitu, na bado viti vikabaki vitupu miezi minne. Akaeleza jinsi sisi peke yetu tulivyoendelea kuja huku tukichekwa barabarani, na jinsi alivyomjibu mfanyabiashara mmoja kwamba familia yake haimkimbii mtu kwa maneno ya sokoni. Kisha akamwambia Lucia, “Hiyo ndiyo nyumba unayoingia, mwanangu.”

Lucia akaniangalia kwa heshima. Nikaweka vijiti chini, nikaenda jikoni.

Mama Ling, uvumi ule niliuanzisha mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Wasichana wenzangu walikuwa wananicheka kwamba nanuka chakula cha Wachina, hawataki kukaa na mimi. Siku moja nikataka na mimi nisikilizwe. Nikawaambia nimeingia jikoni kwako, nikaona ndoo imejaa vyura weusi ndani ya maji. Ndoo nilikuwa nimeiona kweli. Ulikuwa uyoga wako mkavu, umeulowesha, na wewe mwenyewe ulikuwa umenishikisha kipande, ukaniambia ni ndugu wa huu tunaookota huku wakati wa mvua. Nilijua. Nikasema vyura. Siku ile walinipa nafasi katikati ya dawati, na jioni yake wakawaeleza mama zao.

Miezi ile yote chakula chako hakikunipita kooni. Wewe ukadhani naumwa. Ukawa unanipikia uji wa mchele wenye tangawizi, unakaa karibu nami mpaka niumalize. Ulikuwa na nafasi ya kukaa kwa sababu hapakuwa na mteja mwingine. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Otilia alikuwa anakata vitunguu nilipomweleza. Akaweka kisu. Nilimwomba msamaha, maana wakati ule alikosa kazi, akarudi kwao Mwimbi kulima. Akasema, “La kwangu nimekusamehe. La Mama Ling siwezi. Yeye ndiye alikuwa anasimama mlangoni kila mchana, anangoja watu.”

Nikarudi mezani nikawaeleza wote, Lucia akiwepo. Baba hakunigombeza. Alikunja leso ya karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kidole. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote hii amejisifu kwa kukufuta machozi, kumbe mtoto wake ndiye aliyekuliza. Mama alikuwa ameinama. Lucia ndiye aliyechukua birika akanimiminia chai.

Tulipokuwa tunatoka, Baba alinishika mkono. Akasema nikuandikie mwenyewe, asinisaidie mtu, na kwamba yeye hadithi ile hataisimulia tena. “Sasa ni ya kwako,” akaniambia. “Isimulie wewe, na usiruke mahali.”

Kwa hiyo nimekusimulia wewe kwanza. Ukinijibu kwa hasira nitaisoma barua yako yote, na ukinyamaza nitaelewa. Lakini siku moja ulimwuliza Baba, mimi nikiwa nimekaa pale pale, uliwakosea nini watu wa mji huu, na mimi nikageuka kuangalia dirishani. Hukuwakosea chochote, Mama. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Elisha, na Otilia, na Lucia anayetamani kukuona. Msalimie binti yako, na umpakate mjukuu kwa niaba yetu sote.

Ni mimi mwanao,
Janeth Jafeti